Bila Kosa la Yeyote

Mchungaji alisema Mungu alimbakiza Dakta Ssemwanga kwa sababu maalumu, na watu wote waliokaa chini ya maturubai wakaitikia amina. Midomo yangu pia ilitikisika, kwa mazoea, lakini sauti haikutoka. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kisumu baada ya binti yake kunipigia simu na kuniambia kwamba baba amefia hospitali ya Mulago, moyo umesimama akiwa usingizini, na kwamba kwenye simu yake alikuwa amenihifadhi kwa jina la Roza wa Vipepeo. Sasa nilikuwa nimeketi kati ya walimu wastaafu wenye makoti ya zamani, nikisikiliza maisha yake yakisomwa: shule aliyosoma pale Mengo, shahada zake, wanafunzi aliowalea. Msomaji alipofika kwenye miaka ya vita alisema tu kwamba marehemu alinusurika, akafungua ukurasa mwingine. Nilimtazama mjane wake, naye alikuwa anatazama chini. Neno hilo la kunusurika, na lile la mchungaji la kubakizwa kwa sababu, yalimchoma mtu yule kwa miaka mingi. Nilijua hivyo kwa kuwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilikuwa mwanafunzi wake, na siku moja nilimsikia akiyasema mwenyewe, ingawa hakuwa ananiambia mimi.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa karne hii. Vita vya miaka ya themanini vilikuwa vimeisha kitambo na Kampala ilikuwa inajengwa upya kwa pupa, kokoto na mabati kila kona, lakini ukiingia ndani ya majengo bado ungekuta vita vimekaa humo. Nilifika msimu wa mvua, na sanduku moja na ufadhili wa kusoma shahada ya pili ya ikolojia, nikapata chumba Mengo nyuma ya nyumba ya mjane aliyeitwa Mama Saida. Babu yake alikuja zamani kutoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku, akasahau kurudi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha babu, kilichokaa sana na Kiganda hadi kikawa kitu cha tatu. Chumba changu na sebule yake havikutenganishwa na mlango wa mbao. Palikuwa na pazia tu, kitambaa cha maua ya manjano, na kila kilichosemwa upande mmoja kilifika upande wa pili. Nilijua mjukuu gani amefeli hesabu na jirani gani amechelewa kurudisha sufuria. Yeye naye alijua ninavyosali, kwa sababu asubuhi moja aliniambia kupitia pazia kwamba Wakristo tunamweleza Mungu mambo mengi mno kana kwamba hasikii.

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu ndizi. Kazi yangu ilikuwa kunasa vipepeo wa msituni, wale wasiotafuta maua bali matunda yaliyoanguka, na chambo chao ni ndizi mbivu zilizopondwa na kuachwa hadi ziwe zimechacha. Nilizinunua sokoni Nakivubo kwa mama mmoja aliyeniuzia zile nyeusi za kutupwa. Alinikagua kuanzia kichwani hadi viatuni, akauliza, "Wewe napika waragi?" Nilicheka kudhaniwa mpika pombe, nikazipeleka nyumbani, nikaziponda kwenye ndoo yenye mfuniko na kuiweka uani juani. Siku chache baadaye nilisikia jina langu likiitwa kwa namna ambayo Mama Saida alikuwa ameamua kuliita.

"Loza! Hii kitu kwenye ndoo ni nini?"

"Ni ndizi, Mama."

"Ndizi najua. Nauliza kwa nini inachemka bila moto."

"Ni chakula cha vipepeo. Wanapenda matunda yaliyochacha."

Alinitazama, akaitazama ndoo, akaziba pua kwa ncha ya mtandio. "Vipepeo wanakunywa pombe?"

"Si pombe hasa, Mama."

"Astaghfirullah. Hapo ndani, pale unapoona redio, baba yangu alisomesha watoto Kurani. Na wewe unanipikia pombe ya tonto uani kwangu!"

Tulipatana kwamba ndoo ikae nje ya ukuta, chini ya mti wa muovakado, na jiwe juu yake. Majirani walipouliza harufu ile inatoka wapi, Mama Saida aliwaambia ni dawa ya msitu, akawaangalia kwa macho ya kuwakataza wasiulize zaidi. Lakini jioni niliporudi kutoka msitu wa Mpanga, upande wa njia ya Masaka, miguu imejaa tope, alikuwa ananiwekea sahani ya matoke na mchuzi wa karanga, anasubiri nimalize nusu, ndipo anauliza, "Walevi wako walikuja leo?" Nami nilimweleza ni wangapi walioingia kwenye mitego, wa rangi gani, na kwamba kila mmoja nilimtia alama ya kalamu ubawani na kumwachia. Hapo ndipo alipofurahi. Alidhani nawaua.

Dakta Ssemwanga alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, shati jeupe kila siku, sauti ya chini. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiswahili, kama Mkenya yeyote anavyofanya akifika mahali asipopajua. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa upole, na kuanzia hapo hatukuwahi kutumia lugha nyingine. Chumba chake cha kazi kilinuka dawa ya nondo. Kuta mbili zilikuwa makabati matupu ya mbao yenye droo nyembamba za kuhifadhia wadudu. Nasema matupu, lakini hayakuwa matupu kabisa. Wakati wa vita madirisha yalivunjwa, sisimizi wakaingia, wakala mkusanyiko wote uliokuwa umekusanywa tangu enzi za Waingereza. Zilibaki pini zilizosimama wima kwa mistari, na chini ya kila pini karatasi ndogo yenye jina la kipepeo ambaye hayupo. Nilimuuliza kwa nini asizitoe, tutumie droo. Alisukuma droo ile ndani taratibu, akasema droo nyingine zinatosha.

Mwaka ule nadharia moja mpya ilikuwa midomoni mwa wanaikolojia wote, na kitabu chake, au tuseme nakala za kurasa zake, kilikuwa juu ya meza ya Dakta kimejaa mistari ya penseli. Swali lake ni la zamani. Ukienda msitu wowote, ukahesabu vipepeo au miti au ndege, utakuta aina chache zina viumbe wengi sana, na aina nyingi zina viumbe wachache, nyingine mmoja tu ambaye hutamwona tena. Kwa nini? Tulikuwa tumefundishwa kwamba kila aina ina mahali pake na ujuzi wake, na iliyo nyingi ni kwa kuwa inaweza kitu ambacho nyingine haziwezi. Nadharia hii mpya ilitaka tujaribu kufikiri kinyume. Alinieleza siku ya kwanza ya kuonana naye kikazi, akiwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Chukua msitu uliojaa. Nafasi haziongezeki. Akifa mmoja, nafasi yake inajazwa na mtoto wa yeyote aliyepo, au mara moja moja na mgeni kutoka msitu mwingine. Usiulize ni wa aina gani. Wote wana uwezekano uleule wa kufa na uwezekano uleule wa kuzaa. Uache uende hivyo vizazi na vizazi. Utapata nini?"

Nilisema nadhani watabaki sawasawa.

"Hapana. Hilo ndilo jambo lenyewe. Wachache watakuwa wengi. Wengi watakuwa wachache. Wengine watatoweka kabisa. Na hakuna aliyekuwa bora, wala aliyekuwa dhaifu. Bila kosa, Roza. Bila kosa la yeyote."

Siku hizi mimi ndiye ninayesimama mbele ya darasa na kuieleza modeli hiyo isiyobagua, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayekunja uso kama nilivyokunja mimi. Nilikuwa msichana wa kanisani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba hata shomoro haanguki bure, na huyu mwalimu mpole alikuwa ananiambia kuwa aina nzima za viumbe zinaweza kuisha kama vile mtu anavyorusha sarafu. Nilidhani ni ubaridi wa sayansi. Sikuona, na sijui ningeonaje, kwamba anapotamka yale maneno ya mwisho uso wake unalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Nilifanya kazi ile msimu wa mvua na msimu wa jua. Niliweka mitego ndani kabisa ya msitu penye giza la mchana, na niliweka mingine kwenye mapengo, mahali ambapo wapasua mbao na wachoma mkaa walikuwa wameangusha miti na jua likaingia. Nilipokusanya hesabu zote pamoja na kuchora mchoro, mstari wa modeli ulipita juu ya nukta zangu kana kwamba mtu amezifuata kwa kidole. Dakta alisimama nyuma ya kiti changu kwa muda mrefu. Kisha alifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya tena: alinipigapiga begani. Wiki hiyohiyo aliwaandikia wenzake wa ng'ambo, waliokuwa wanatoa pesa za utafiti wetu, kuwaambia kwamba msitu wa Uganda umekubali.

Shida ilianza nilipotenganisha hesabu za kila mtego. Kama vipepeo wote ni sawa na bahati ndiyo inayoamua, basi kwenye pengo hili wangeshinda hawa, kwenye pengo lile wale, na kwenye la tatu wengine kabisa. Bahati haina mapendeleo. Lakini kila pengo, bila kukosa, lilikuwa na mshindi yuleyule, kipepeo mmoja wa kahawia mwenye mabawa yaliyochanikachanika, asiyeogopa jua. Na wale wa buluu iliyokolea, waliojaa gizani, walikuwa wameisha kwenye mapengo yote kwa pamoja. Walikuwa na sababu. Umbo la mchoro lilikuwa sahihi, lakini maelezo yake hayakuwa sahihi. Nilirudia hesabu mpaka nikawa naziota. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, ufadhili wangu ulitegemea barua ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuutangazia ulimwengu kinyume cha nilichokiona. Kabla sijaamua nimwambieje, malaria ikaniangusha.

Nililala nyuma ya pazia la maua siku kadhaa, homa inapanda na kushuka, Mama Saida akininywesha uji wa ndimu na kunifokea nisipomaliza. Alasiri moja nilisikia sauti ya Dakta sebuleni. Alikuwa amekuja kuona kwa nini sionekani. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Mama Saida alimwambia mgonjwa kalala, mgonjwa hakimbii, akae ale kwanza. Ilikuwa Ijumaa na pilau ilikuwepo. Nilisikia kijiko, nikasikia maji yakimiminwa, nikasikia maneno ya kawaida ya watu wasiojuana: mvua, bei ya sukari, barabara mbovu. Walizungumza Kiganda, ambacho kufikia hapo nilikisikia kama redio ya jirani, maneno mengine yanafika na mengine yanapotea. Kisha Mama Saida akamwita bwana kwa Kiganda, akauliza lile ambalo watu wa umri wao waliulizana kama sisi tunavyoulizana shule tulizosoma.

"Na wewe, ssebo, vita vilikukuta wapi?"

Kijiko kiliwekwa kwenye sahani. Nilidhani hatajibu. Lakini pengine kwa sababu hakuwa anamjua mama yule, au kwa sababu ya pilau, au kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa wepesi namna ile, alijibu. Alikuwa njiani kutoka Bombo na mdogo wake wa kiume. Gari lilisimamishwa kwenye kizuizi cha askari, wanaume wakaamriwa kushuka na kulala kifudifudi kando ya barabara. Niliyafuata maneno kwa shida, moja baada ya jingine, na ghafla sikuhitaji tena kuyafuata, kwa sababu Dakta Ssemwanga alikuwa anazungumza Kiswahili.

"Wewe, simama. Wewe, lala. Wewe, lala. Wewe, simama."

Hakupandisha sauti. Aliyasema kwa lafudhi ya askari aliyeyasema, kwa uchovu wa mtu anayepanga magunia. Kumbe alikijua Kiswahili, lugha ya askari kwa watu wa umri wake. Alikijua chote alichotaka kukijua. Walioambiwa wasimame walirudishwa garini na gari likaambiwa liondoke. Yeye aliambiwa asimame. Mdogo wake, wa pili kutoka kwake, aliambiwa alale, na hakuonekana tena.

"Tulikuwa tumefanana," alisema, akirudi kwenye Kiganda polepole, hata mimi nikaelewa. "Tulikuwa na mashati ya kitambaa kimoja, fundi mmoja. Nimetafuta sababu, nnyabo, mama. Viatu? Umri? Nani alitazama juu na nani alitazama chini? Nimeitafuta miaka yote hii. Watu wa kanisani wananiambia Mungu alinichagua mimi. Wakisema hivyo nasikia wanasema hakumchagua yeye."

 Nilisikia Mama Saida akimwongezea chai.

Niligeuka nikatazama ukuta. Homa ilikuwa imeshuka na akili yangu ilikuwa safi kuliko nilivyotaka. Sasa nilijua ule uso uliolegea pale dirishani ulikuwa wa nini. Kwa miaka yote hakuwa na pa kumweka mdogo wake, hadi ikaja nadharia ya kisayansi ikamwambia kwamba viumbe walio sawa kabisa wanaweza kutengana hivi, mmoja abaki na mwingine atoweke, bila kosa. Na mimi nilikuwa nimelalia, chini ya mto, hesabu zinazosema kwamba walau kule msituni haikuwa hivyo.

Alipoondoka, Mama Saida aliingia na kikombe cha uji, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilitegemea kumwona analia, kwani alikuwa mwepesi wa machozi hata kwa habari za redio. Alikuwa amekasirika.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Huyo mwalimu wako! Saa nzima ananieleza askari, barabara, shati. Huyo ndugu mwenyewe hata jina hajanipa. Sijui alikuwa mnene, sijui alikuwa mwembamba, ana mke, hana mke. Sasa mimi nikitaka kumwombea dua, nimwombee nani?" Akanisogezea kikombe. "Kunywa. Unanitazama nini?"

Nilipopata nguvu nilichukua michoro yangu yote, ule mmoja uliokubali na ile mingi iliyokataa, nikaenda nayo kwenye chumba cha kazi cha Dakta. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya Kiingereza, nikaisahau mlangoni. Niliitandaza tu mezani, pengo baada ya pengo. Hakuhitaji kuelezwa. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye kila karatasi, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Nje wanafunzi walikuwa wanacheka kwenye ngazi. Niliona kidole kikisimama kwenye kipepeo wa kahawia, kila mara yuleyule.

"Kwa hiyo wana sababu," alisema.

"Vipepeo wana sababu, Dakta."

"Nimekwisha kuwaambia watu kwamba inakubali."

"Najua."

Alivua miwani. Ningeweza kusimulia kwamba alinikasirikia, na wanafunzi wangu wa leo, wanaopenda visa vya maprofesa wakali, wangefurahi. Hakunikasirikia. Alikaa amezeeka ghafla, akitazama dirisha ambalo zamani lilikuwa limevunjwa. Angeweza kuniambia niandike ule mchoro mmoja tu, na ningeuandika, na ningepata shahada yangu bila mtu kuuliza, kwa sababu wengi mwaka ule waliandika mchoro mmoja tu. Aliisogeza michoro yote pamoja, akazilinganisha kingo zake.

"Andika kwamba umbo linakubali na sababu inakataa. Wenzetu nitawaandikia mimi mwenyewe." Kisha, kwa sauti iliyopotea kidogo, "Nilitaka sana iwe kweli."

Ilinibidi nimwambie kwamba siku ile ya pilau sikuwa usingizini. Uso wake haukubadilika. Nadhani alikuwa amekisia. Sikujua nimwambie nini kuhusu bahati, wala kuhusu Mungu, na hata leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, sina la kusema juu ya hilo ambalo ningethubutu kulisema mbele ya mtu aliyelala kwenye mstari ule. Nilichokuwa nacho ni malalamiko ya Mama Saida tu. Basi nikauliza, kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo lilivyonitoka, "Mdogo wako alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda mahali alipokuwa amesahau kwamba pana njia. Aliwasha hita ya maji ya chai, akaisahau, maji yakachemka hadi nikaichomoa mimi. Kisha alianza, Kiingereza kwanza, halafu Kiganda, na mara moja moja neno la Kiswahili analolitafuta na kulijaribu kama mtu anayekanyaga ubao mbovu. Aliitwa Eriya. Alikuwa anatengeneza redio za watu bila kufundishwa, na kila redio aliyoifunga ilibakiza skrubu mbili tatu mkononi, akazitia mfukoni, na redio ikazungumza vilevile. Alikuwa anakwangua sufuria ya maziwa kabla ya mama yao kuiosha. Kwenye kwaya walimweka nyuma kabisa kwa sababu alipiga miluzi pasipotakiwa miluzi. Alikuwa na mchumba Mengo, mfupi, mkali, na alimwogopa sana. Dakta alicheka aliposema hivyo, kicheko kifupi, akajishika mdomo.

"Na alivyotembea," akasema. "Hapana, siwezi kukueleza. Ni lazima uone."

Akasimama. Aliisukuma meza kidogo, akavuta pumzi, akatanguliza bega moja mbele kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, na yule mtu mrefu wa shati jeupe akavuka chumba kwa madaha, akipiga mluzi usio na wimbo, kupita makabati, hadi mlangoni. Hapo akageuka, akatikisa kichwa, akarudi dirishani kuanza tena, kwa sababu, alisema, mara hiyo ya kwanza hakuipata sawasawa.